Mkaza mwana, ufagio na majani ya mikoko

Jani la mkoko halianguki likiwa kijani. Kabla ya kuliachia, mti hulinyonya kwanza. Hurudisha matawini naitrojeni na madini mengine yenye faida, na jani hugeuka manjano likiwa limebaki nyuzinyuzi, chumvi na ile tanini chungu ambayo wazee wa Pwani waliichemsha kutoka kwenye magome ili kupaka rangi nyavu na kamba zao. Mti umekwisha kula. Kinachodondoka ni makombo. Ndiyo maana mtu akiliokota jani hilo na kuliita taka hana kosa kubwa. Mwenye nalo mwenyewe amelitupa.

Makombo hayo ndiyo yaliyoleta mtafaruku katika nyumba moja kando ya ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Nyumba yenyewe iko pale minazi inapokoma na mikoko inapoanza. Kati ya uwanja na miti ya kwanza kuna hatua kama thelathini za mchanga mweupe. Bamvua likija, maji hupanda mpaka kwenye mchanga huo, na yakirudi huacha mstari mrefu wa majani ya mchu, ya mkandaa na ya mkoko, nyasi za baharini zilizokatika, vijiti, vikoko virefu vilivyokosa mahali pa kuota, na siku hizi chupa za plastiki.

Mwenye nyumba ni mama mjane wa miaka sitini na kitu. Anaishi na wajukuu wawili, watoto wa binti yake aliyefariki: wa kiume anasoma chuo cha ufundi, wa kike yuko shule ya kutwa ya sekondari. Karo yao haitoki kwa mfadhili. Bibi na wanawake wenzake hutanda uduvi kwa kitambaa chepesi maji yanapoanza kupwa, kisha huanika na kuuza kwa kibaba. Mjukuu wa kiume, siku za bamvua ambazo hana masomo, huingia mikokoni na kijiti chenye ndoano kutafuta kaa koko, ambao wanunuzi huwafuata hapo hapo kijijini. Uduvi hulipia mambo madogo, kaa hulipia karo. Mwezi ambao kaa ni haba, barua ya chuo hufika kabla ya pesa.

Mwana wa kiume wa bibi, mjomba wa watoto hao, anafanya kazi Mombasa. Alipooa alioa bara, na mwaka uliopita mkewe akaja kukaa na mama mkwe huku mume akitafuta nyumba kubwa zaidi ya kupanga mjini. Msichana huyo alilelewa mahali ambapo uwanja uliofagiwa ndio salamu ya kwanza kwa mgeni. Alimheshimu mama mkwe, aliamka kabla yake, alichota maji, alifagia. Mstari ule wa majani ulimtesa. Alianza na chupa, na hapo alishukuriwa. Akafuata majani ya kwenye mchanga. Wiki ya tatu akaingia chini ya michu yenyewe na reki, akakusanya kila kilichodondoka, akafanya chungu, akawasha moto.

"Mwanangu," bibi alimwambia jioni hiyo, "pale usifagie. Pale wafagiaji wapo."

Mkaza mwana alidhani anafumbiwa fumbo. Watu wa Pwani kwa mafumbo! Alifikiri labda amekanyaga mahali pa mizimu, na kwa siku mbili hakushika reki. Siku ya tatu akashika tena, kwa sababu mume alikuwa amepiga simu. Alikuwa ameona picha za uwanja uliong'aa na zikamfurahisha mno. Alikuwa na mpango wa kujenga vyumba viwili vya wageni pale pale, dirisha likitazama maji. Mgeni hatalipa alale mbele ya uozo, alisema. Akaahidi kutuma pesa za kuwalipa vijana wanne wapalilie chini ya miti yote iliyo mbele ya nyumba, waondoe majani mpaka ukingoni mwa mkondo, kisha wamwage mchanga.

Basi jambo likatoka kwenye ufagio likawa la mama na mwana.

Kwa wageni wa ghuba hiyo, inafaa kueleza kidogo mahali penyewe. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, humwaga maji baridi ndani ya Gazi, na bahari huyajibu kwa maji ya chumvi mara mbili kila siku. Kati yao kuna hekta zaidi ya 600 za mikoko. Mlilana husimama mbele, karibu na bahari. Mkoko wenye mizizi kama miguu ya tandu hushika kingo za mikondo. Muia na mkandaa hufuata, na mchu, unaostahimili chumvi kuliko wenzake, huonekana zaidi nyuma, upande wa nchi kavu, pale ambapo nyumba za watu zinaanza. Kila mti hupukutisha majani mwaka mzima. Hakuna msimu wa miti kubaki mitupu kama mibuyu.

Jani likishafika chini lina njia mbili. Ya kwanza ni ya polepole. Maji huingia, na kwa siku chache za mwanzo chumvi, sukari na sehemu kubwa ya tanini hutoka, ndiyo sababu madimbwi ya mikokoni huwa na rangi ya chai ya rangi. Kisha bakteria na kuvu huvamia. Hao hujenga miili yao kwa kaboni ya jani na kwa naitrojeni wanayoivuta kwenye maji, na hapo ndipo maajabu yalipo: jani linazidi kupungua uzito, lakini sehemu ya naitrojeni ndani yake inazidi kuongezeka. Linaoza na papo hapo linanona. Jani bichi lililodondoka ni kama ugali mkavu wa jana. Bakteria na kuvu ndio kitoweo. Wanyama wadogo wengi wanaolila hawashibi kwa lile jani lenyewe, ambalo nyuzi zake ni ngumu kwa matumbo yao, bali kwa kitoweo kilicholipaka. Hula, humeng'enya kilicho laini, na nyuzi hutoka upande wa pili kama chembe ndogo zaidi. Chembe hizo hupakwa tena na bakteria, zikaliwa tena. Kipande kimoja cha jani chaweza kupita matumboni mara kadhaa kabla hakijaisha.

Njia ya pili ni ya haraka, nayo ndiyo aliyoisema bibi. Chini ya michu na mikandaa ya Gazi kuna kaa wa ukubwa wa ngumi ya mtoto, wanaochimba mashimo marefu. Jani likianguka karibu, kaa hutoka, hulikamata kwa gando, hurudi nalo shimoni. Wakiwa wengi, wanaweza kuacha sakafu ya msitu imesafishwa kana kwamba mtu amepita na ufagio. Wengine hula papo hapo, wengine huweka akiba. Kinyesi chao, kilichosagwa laini, hubaki topeni kuwa chakula cha wadogo zaidi. Na kwenye mikoko iliyo chini zaidi kuna wale konokono wakubwa warefu, weusi, ambao wakishakomaa hula majani yaliyodondoka. Konokono mmoja akianza kutafuna, wenzake huifuata harufu, na baada ya muda jani halionekani kwa umati.

Bibi hakusoma hayo popote. Aliyajua kama mtu anavyojua tabia za majirani.

Aliyeyasoma, kwa kiasi, ni mjukuu wa kike. Mwalimu wake wa biolojia aliwapa kidato cha pili kazi ya kuchunguza kitu kinachooza na kukiandikia ripoti. Wengi walichagua maganda ya ndizi. Yeye alitaka kufanya kama wafanyavyo watafiti wa mikoko duniani kote: kutia majani kwenye vifuko vya wavu, kuvifunga kwenye mizizi, na kufungua kimoja baada ya kingine kuona kilichobaki. Vifuko vya wavu wa vitunguu vilikuwepo jikoni, lakini vilihitaji kukatwa na kushonwa. Na cherehani ndani ya nyumba ile ilikuwa moja tu, ya mkaza mjomba wake, iliyokuja naye kutoka kwao.

"Mama, nisaidie kushona mifuko," alimwomba. "Ya kuwekea nini?" "Majani ya mikoko." Mkaza mwana alicheka kwa mara ya kwanza tangu bibi amkataze. Yaani yeye anayateketeza, na huyu anataka ayashonee nguo. Akashona vifuko vinane. Vinne vilitiwa majani ya manjano ya mchu, vinne ya mkoko, ishirini ishirini, vikafungwa kwa kamba mahali ambapo reki haikuwa imefika.

Kila Jumapili walifungua viwili. Hiyo "walifungua" haikupangwa. Mara ya kwanza mkaza mwana alienda kumshikia msichana beseni tu, beseni jeupe la kufulia, ili vijidudu vionekane. Majani yalikuwa yameingia weusi na utelezi, na maji yaligeuka kahawia. Hakuna kikubwa. Jumapili ya pili, yalipomwagwa beseni, maji yalichemka kwa uhai. Vidudu mfano wa kamba, vidogo kuliko punje ya mchele, viliruka ubavu ubavu. Minyoo myekundu myembamba kama uzi wa cherehani ilijikunja na kujikunjua. Vikonokono vilipanda ukingo wa beseni. Kulikuwa na kaa mmoja mdogo kama punje ya mtama, na mkaza mwana ndiye aliyemwona, kwa sababu kaa huyo, pamoja na udogo wake wote, aliinua magando kutaka kupigana.

Alibaki amechutama hadi adhana ya Magharibi.

Jumapili ya nne ndiyo iliyomaliza kazi. Kifuko cha mwisho cha mchu kilikuwa na mishipa ya majani na uji mweusi tu. Cha mkoko kilikuwa bado na majani karibu yote, magumu kama ngozi ya kiatu, ila yametobokatoboka. Ndivyo ilivyo: jani la mchu ni laini na lina tanini kidogo, huisha upesi, la mkoko huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo chini ya msitu wenye miti mchanganyiko, meza haitandazwi na kuondolewa kwa mara moja. Kuna wanaokula leo na kuna watakaokula mwezi ujao.

Msichana aliongeza jambo moja ambalo mwalimu hakumwagiza. Alichota kikombe cha tope chini ya miti ambako reki ilikuwa imepita kwa majuma kadhaa, na kingine ambako haikupita, akayaosha kila moja kwa kitambaa cha uduvi cha bibi na kuhesabu vilivyobaki vikitembea. Palipofagiwa vilikuwa vichache, hata nusu havikufika. Kikombe kimoja si ushahidi wa mahakamani, na mwalimu alimwandikia hivyo hivyo kwa wino mwekundu: angechota kumi kumi. Lakini nyumbani hakuna aliyehitaji kumi. Mkaza mwana aliona alichokiona.

Bado alikuwa na hoja moja, na haikuwa ya kipuuzi. Harufu. Maji yakitoka, tope lile hunuka mayai viza, na yeye alihofia kwamba ni harufu ya maradhi. Ukweli ni kwamba harufu hiyo haitoki kwenye majani yaliyo juu. Chini kidogo ya uso wa tope hakuna hewa ya oksijeni kabisa, na bakteria wa huko hupumua, kama neno hilo lafaa, kwa kutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari. Wanachotoa ni gesi yenye harufu hiyo. Ungeondoa kila jani na tope lingenuka vilevile. Linachohitaji ni matundu ya kuingiza hewa na maji mapya, na wachimba matundu ni wale wale kaa. Ukiwanyima majani unawanyima sababu ya kukaa hapo.

Kuhusu wakubwa wanaowategemea wadogo hawa, hadithi mashuhuri zaidi haikuanzia Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wawili waliokuwa wakisomea shahada zao, William Odum na Eric Heald, walifanya kazi kwenye mto uitwao North River, kusini mwa Florida, Marekani. Wakati huo wengi huko waliona mikoko kuwa vinamasi vya mbu, vya kufukiwa vijengwe nyumba. Heald alifuata majani yanavyodondoka na kuoza. Odum alipasua matumbo ya samaki. Walichokuta ni mlolongo unaoanzia kwenye jani bovu: wadudu wa majini, minyoo, kamba na kaa wadogo wanaokula chembe za majani, samaki wadogo wanaowala hao, na samaki wakubwa wa mezani wanaowala hao wadogo. Kazi yao iliwapa watetezi wa mikoko lugha ambayo hata mwenye duka la samaki aliielewa.

Gazi mlolongo ni huo huo, na majina yakiwa ya nyumbani. Mkizi hufyonza chembe topeni. Chaa hudokoa minyoo na vijikaa. Kaa koko huvunja konokono na kaa wenzake walionenepa kwa majani. Uduvi huchuja kinachoelea. Bibi aliposema "hicho ni chakula," alikuwa akisema kwa ufupi kitabu kizima.

Ila sayansi haikuishia kwa Odum na Heald, na upande wa mwana wa Mombasa ulikuwa na pa kushika. Baadaye watafiti walijifunza kupima alama iliyomo katika kaboni ya kila mmea, wakaweza kumchukua kamba na kutambua mwili wake umejengwa na nini. Ikaonekana kwamba kadiri unavyotoka mikokoni kuelekea bahari kuu, mchango wa majani ya mikoko hupungua, na chakula kingine, hasa mwani mdogo unaoota juu ya tope na ule unaoelea majini, huchukua nafasi kubwa. Si kila kamba anayekamatwa baharini analelewa na jani. Mwana, ambaye ni mtu wa kusoma simu yake vizuri, alikuwa amelikuta hilo mahali fulani. "Bahari ni kubwa, mama," alisema kwenye simu. "Majani ya mbele ya nyumba yetu hayalishi bahari."

Hayalishi, kweli. Lakini watafiti wa Kenya na Uholanzi waliofanya kazi Gazi kwenyewe katika miaka ya 1990 walionyesha jambo linaloigeuza hoja hiyo. Chembe za majani zinazobebwa na maji kutoka mikokoni haziendi mbali. Nyingi hutua kwenye nyasi za baharini zilizo karibu na msitu, na alama yao hufifia haraka kadiri unavyosonga kuelekea mwambani. Maana yake ni kwamba jani linalodondoka mbele ya nyumba hulisha mbele ya nyumba. Mkondo ambao bibi hutanda uduvi wake uko hatua mia mbili kutoka pale vijana wanne walipotakiwa kupalilia. Mashimo ya kaa wa karo yako ndani ya eneo lenyewe.

Mwana alikuja Idi. Baada ya chakula, watoto walipoondoka na sinia, kikao kikaketi: bibi, mwana, mkewe, na ndugu mmoja mzee wa bibi, kwa sababu kwa Wadigo neno la mjomba bado lina uzito. Mwana aliongea kwa adabu. Hakatai mikoko, alisema. Anajua kwamba tangu 1932 mikoko ni msitu wa serikali na kukata bila kibali ni kesi. Yeye hakati mti. Anaondoa majani yaliyokwisha kuanguka, na jani lililoanguka si mti. Vyumba vya wageni vitaleta pesa kila mwezi, mama atapumzika kuloa maji kiunoni, na karo italipwa bila kutegemea bamvua. Hilo la mama kupumzika alilisema kwa dhati. Mtu asidhani ni mwana mbaya.

Bibi aliuliza swali moja tu. Vyumba vitajengwa kwa muda gani? Mwaka, mwana akajibu, au mwaka na nusu, Mungu akijalia. "Na karo ya muhula huu nitaiomba kwa nani?"

Kimya kikaingia. Mzee akakohoa. Na aliyekivunja ni yule ambaye hakutarajiwa kusema mbele ya wakwe. Mkaza mwana alimwambia mumewe, akitazama mkeka, kwamba yeye ndiye aliyeanza kufagia na sasa hataki vijana waje. Akasema ameona kilichomo. Mume akadhani mama amemtisha. Akaagizwa beseni na msichana, na kifuko cha mwisho cha mkoko kilichokuwa bado kimefungwa mzizini kikaletwa kikimwaga maji sebuleni, mbele ya kanzu ya Idi. Mwana alitazama. Alikulia pale, alikimbilia utotoni kwenye tope lile lile, na hakuwahi kuona.

Hakugeuka papo hapo. Hoja iliyomgusa zaidi ilikuwa ya biashara, na ilitoka kwa mzee. Akamkumbusha kwamba wanawake wa Gazi wamejenga njia ya mbao juu ya tope, kupita katikati ya mikoko, na wageni hulipa kiingilio waitembee. Wanalipa kuona matope, majani yake na kaa wake. Akamkumbusha pia mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 jamii za Gazi na Makongeni hutunza hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni iliyohifadhiwa humo. Pesa zake zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo iko chini, katika mizizi iliyokufa na majani yaliyozikwa topeni kabla hayajaliwa na mtu, kwa kuwa pasipo oksijeni uozo huenda kwa mwendo wa kobe. "Wenzako wanauza tope," mzee akasema, "wewe unataka kulipa lifukiwe mchanga."

Walipatana nusu kwa nusu, kama familia zinavyopatana. Chumba kitakuwa kimoja, si viwili, na kitajengwa upande wa minazi, dirisha likitazama miti kutoka juu badala ya kukaa juu ya mchanga. Pesa za vijana wanne zililipa sehemu ya karo ya muhula, ingawa mwana alisisitiza iandikwe kuwa ni mkopo kwa mama, na bibi akasisitiza iandikwe kuwa ni deni la mwana kwa marehemu dada yake. Hawajakubaliana hilo mpaka leo. Chupa za plastiki huokotwa kila bamvua, na mkaza mwana ndiye msimamizi wake mkali.

Majivu ya ule moto wa kwanza yalisombwa na maji bamvua lililofuata. Jivu ni madini tu. Kaboni imekwenda na moshi, wala hakuna bakteria wa kulipaka kitoweo. Majuma machache baadaye msichana alihesabu mashimo ya kaa mahali pale akayaandika daftarini, na ameendelea kuyahesabu hata baada ya ripoti kusahihishwa. Yanaongezeka, ila si upesi. Kaka yake anasema asimwonyeshe mtu daftari hilo, maana atakuwa amewachorea wavuvi wengine ramani.

Mkaza mwana bado anafagia kila alfajiri. Mpaka wa ufagio wake ni gogo la mnazi ambalo bibi alilivingirisha mwenyewe na kulilaza kwenye mchanga, pale bamvua la kawaida linapokoma. Mara mbili bibi amelikuta limesogezwa hatua moja kuelekea baharini, na mara mbili amelirudisha, bila mmoja wao kusema neno.